Matawi Yaliyongoja Moto wa Mbinguni

3 Oktoba 1949, Jumatatu
Mwalimu Timotheo ameagiza kila mwanafunzi wa darasa la sita aandike habari za siku zake kwa Kiswahili mpaka mvua zikolee, ili tuzoee kufikiri kwa lugha hii badala ya kutafsiri Kinamwanga kichwani. Luka aliuliza kama lazima habari ziwe za kweli. Mwalimu akamjibu, "Zako wewe, Luka, nitashukuru zikiwa nusu." Tulicheka sana.

Mimi sikuuliza kitu. Huwa siulizi. Nikisimama darasani maneno yote hurudi tumboni. Lakini karatasi hainikodolei macho, kwa hiyo nitaandika. Mimi ni Leah, binti Nikodemo. Kijiji chetu kiko upande wa Momba, ukitoka alfajiri unafika Tunduma jua likiwa kali.

4 Oktoba
Leo mama na mimi tumemaliza kupanga matawi. Mwalimu ni Mnyiha wa Hasamba, kwao ni kahawa, kwa hiyo nitaeleza ili asomapo aelewe.

Wakati wa kiangazi wanaume hukwea miti na kukata matawi. Yakikauka, wanawake huyabeba kichwani na kuyapanga rundo moja pana, vitako vya matawi ndani, ncha nje, mpaka rundo lifike kifuani. Kaka yangu Efraimu yuko Saza kwenye machimbo ya dhahabu, hivyo mwaka huu baba amekata peke yake na sisi wawili tumebeba. Shingo inaniuma hata kugeuka siwezi. Lakini rundo letu ni kubwa kuliko yote kijijini. Nimelizunguka mara mbili kulitazama tu.

Mvua ikikaribia, rundo huchomwa, na ulezi hupandwa kwenye majivu. Mvua ikitangulia moto, matawi huloa, hayaungui, majivu hayapatikani, na mwaka huo watu hula mizizi. Kwetu hakuna awashaye kabla ya ukoo wetu. Moto wa mtu mwenye haraka unaweza kuruka ukala marundo ya wenzake, ndiyo maana tangu zamani mtu mmoja hutazama upepo na kuchagua siku. Alikuwa babu, sasa ni baba. Babu aliita majina ya waliokufa. Baba ni mzee wa kanisa, huomba kwa jina la Yesu. Kisha huwasha letu. Moshi wetu ukipanda, kijiji kizima kinawasha.

Kila mwaka nikiuona moshi ule najua sisi ni watu fulani.

7 Oktoba
Joto. Hesabu za sehemu. Nimepata zote, sikumwambia mtu.

9 Oktoba, Jumapili
Mjomba Jonasi amekuja kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya mpaka! Ni kaka yake mama. Alifanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya shaba, na kila asemalo hulimaliza kwa "mukwai," neno la heshima la Kibemba alilotoka nalo huko.

"Leah! Umekuwa mrefu kama nguzo ya simu, mukwai!"

Nilijificha nyuma ya mama. Mjomba akasema, "Nguzo haijifichi nyuma ya kinu." Mama ni mfupi. Hata baba alicheka, na baba hakuwa amecheka tangu mvua zilizopita, alipofariki mdogo wangu Elizabeti.

Mjomba hasimulii tena habari za mgodini. Siku hizi anahubiri.

11 Oktoba
Somo la dini. Mwalimu alisema Yesu alijiita mlango. Luka akanyoosha mkono. "Mwalimu, mlango wa mbao au wa matete?"

Nilidhani atachapwa. Mwalimu akakaa kwenye kona ya meza. "Swali zuri, ingawa limetoka kwako. Nani anajibu?" Luka akatugeukia. "Yesu alipojiita mlango, kuna mwanafunzi aliyemtafutia bawaba? Hakuna. Walijua mlango ni kitu cha kupitia. Akasema kitu wanachokijua ili waone kitu wasichokijua. Huo ni mfano. Usomapo Maandiko, usiulize tu yamesema nini. Uliza yanakuonyesha nini."

Nimerudia maneno hayo njia nzima mpaka nyumbani.

13 Oktoba
Sasa najua mjomba anahubiri nini. Baada ya chakula alimwambia baba kwamba moto wa mwisho wa dunia uko karibu sana, utakuja kabla ya mvua za mwaka huu. Maandiko yamesema nchi na kazi zake zitateketea, naye anayachukua kama yalivyo.

"Sasa nikuulize, shemeji. Wewe unataka kuwasha moto wako wa nini? Mungu ameshika kiberiti, nawe unampokonya?"

Baba alisogea karibu naye. Kisha akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na waliokufa? Tutawaona siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo, mukwai. Kabla vumbi halijatulia."

Mama aliinuka akaenda nje. Sufuria zilikuwa zimeshaoshwa, lakini nilimsikia akiziosha tena.

16 Oktoba, Jumapili
Baba amesimama kanisani akatangaza kwamba mwaka huu hatawasha. Marundo yatamngoja Mungu mwenyewe.

Watu hawakuelewa kwanza. Mzee Mbonile, jirani yetu, akauliza kwa sauti, "Yaani hutawasha mwezi huu?"

"Sitawasha kabisa."

"Nikodemo, mimi sina haraka ya mbinguni. Nina haraka ya ulezi."

Wachache walicheka. Baba hakucheka. Na kwa kuwa yeye hawashi, hakuna awezaye kuwasha.

18 Oktoba
Mawingu madogo upande wa Ileje. Yameondoka.

19 Oktoba
Hakuna kitu. Nimebeba maji.

22 Oktoba
Mzee Mbonile amekuja tena. Amemwita baba "shupavu", kisha "mpumbavu", kisha akaomba ugoro. Baba akampa. Mzee alipoondoka alipita kwenye rundo lake akalipigapiga kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Nilidhani nitamwonea baba aibu. Sikuona. Anazunguka rundo letu asubuhi na jioni, anarudishia ncha zilizoteleza, kama mwenye kumwandalia mgeni mkubwa. Baba hafanyi jambo nusu. Hata anapokosea, anakosea kwa moyo wote. Najivunia hilo, na linaniogopesha.

27 Oktoba
Mawingu ya Ileje tena, na leo yamekaa mpaka mchana.

Nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilibaki darasani wengine walipotoka, nikamuuliza Mwalimu, "Na moto?"

"Moto upi, Leah?"

"Wa Maandiko. Nao ni kama mlango?"

Aliweka chaki mezani. Habari za kijiji chetu amezisikia, kila mtu amezisikia. "Wewe unaonaje?"

"Sijui, Mwalimu. Ungekuja kumwambia baba."

"Mimi ni mgeni hapa. Nikija kubishana na mzee wa kanisa katika nyumba yake, atanishinda hata kama nina haki, na itakuwa sawa anishinde." Akafuta ubao, polepole. "Lakini macho ya baba yako hayaoni vizuri maandishi, sivyo? Nani humsomea kila jioni?"

"Mimi."

"Basi."

Nilitoka nimekasirika. Nilitaka jibu, nikapewa "basi".

1 Novemba
Nimesoma wote waraka wa pili wa Petro, ule wenye maneno ya moto. Nimeurudia. Mjomba husoma mahali pamoja tu, kila siku hapo hapo.

4 Novemba
Wanawake wamekuja kwa mama. Wamemwambia azungumze na mumewe. Mama akasema, "Mume wangu anamngoja mtoto wake. Nimwambie nini? Asingoje?" Kisha akasema, "Nami namngoja. Lakini huku nikingoja wengine wanataka kula."

Ninaandika hili kwa sababu mama hatalisema tena.

8 Novemba
Ngurumo kwa mbali. Dereva wa lori la Mbeya amesema kule Nanyala mvua imenyesha na watu wanapanda mahindi.

10 Novemba
Nilikwenda kukaa kivulini mwa rundo letu baada ya shule. Matawi yamekauka mpaka yanalia yenyewe joto likipanda. Nilikumbuka mwaka jana. Moto ulipokwisha, kesho yake asubuhi, Elizabeti alitembea juu ya majivu miguu mitupu akisema ni laini kama unga, mama akamfokea kwa kuwa majivu yalikuwa bado na moto chini. Yeye akaendelea. Baada ya siku chache pale alipokanyaga tukamwaga mbegu.

Hapo ndipo nilipoona. Siwezi kuandika vizuri jinsi nilivyoona. Nilisimama nikasema "Eh!" peke yangu kama kichaa.

13 Novemba, Jumapili
Nitajaribu kuandika yote kama yalivyokuwa.

Kanisa lilijaa mpaka watu wamesimama nje. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa Ileje na upepo ulikuwa na harufu ya udongo. Mzee Mbonile alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba leo akitoka kanisani atawasha rundo lake mwenyewe, desturi ife. Wengine walisema watamfuata, wengine walisema watamzuia kwa marungu. Nilimwona baba akiwatazama. Alikuwa ameketi wima kabisa.

Mjomba alipewa nafasi ya kunena. Akaniita. "Leah aje asome, mukwai. Yeye ndiye msomaji wetu. Msikie kwa masikio yenu, msiseme Jonasi amebuni."

Sijui nilifikaje mbele. Nilishika kitabu kwa mikono miwili nikasoma mahali pake, pale pa nchi kuteketea na kazi zote zilizomo. Sauti ilikuwa ndogo. Mtu wa nyuma akasema, "Paza!" Nikapaza. Nikafika mwisho wa mstari wa mjomba.

"Inatosha, mukwai," akasema.

Sikunyamaza. Niliendelea kusoma mstari uliofuata.

"Inatosha, mwanangu."

Nikasoma mwingine. Mjomba akanigusa bega. Baba akasema kutoka alipoketi, "Mwache amalize." Nikasoma mpaka pale Petro anaposema kwamba baada ya moto ule tunatazamia nchi mpya, haki ikikaa ndani yake. Nikafunga kitabu. Hapo ndipo ilipaswa nirudi kukaa, na miguu ikakataa. Nikabaki nimesimama, na watu wote wananitazama, na ikawa aibu zaidi kunyamaza kuliko kusema.

Nikasema, "Baba, nani amewahi kuchoma shamba ili aliache?"

Mzee Mbonile akainua kichwa. Nikasema, "Sisi tukichoma, tunachoma ili tupande. Petro anasema moto, halafu anasema nchi mpya. Vyote viwili. Sisi tunaujua moto wa namna hiyo. Tunauwasha kila mwaka. Mimi nadhani Mungu akichoma, ana mbegu mkononi."

Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, akakikatisha katikati kwa kuogopa.

Mjomba hakukasirika. Alitabasamu, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Sikieni! Mtoto wa kike wa darasa la sita anamfundisha Petro!"

"Simfundishi, Mjomba. Nimemsoma mpaka mwisho."

Watu walicheka, nami sikukusudia wacheke.

"Haya. Moto ni mfano. Kesho utasema nini? Mlango?"

"Mlango ni mfano," nikasema. "Yesu hana bawaba."

Walicheka tena, Mzee Mbonile zaidi ya wote. Lakini mjomba alikuwa bado. Aliinama akaniuliza polepole, na sasa hakuwa akitania. "Na kufufuka, Leah? Nako ni mfano? Mdogo wako naye ni mfano?"

Kicheko kilikufa. Nilimtazama baba.

"Sijui, Mjomba," nikasema. "Sijui mfano unaishia wapi. Najua shamba tu."

Nikarudi kukaa. Nilikuwa nalia. Baba alisimama, akavaa kofia yake, akatoka. Mzee Mbonile alitoka nyuma yake, lakini hakuwasha. Alikwenda kwake akakaa mlangoni.

14 Novemba, Jumatatu
Mvua imenyesha alfajiri. Imepiga kidogo tu kisha ikaacha. Mjomba amesema, "Hiyo si mvua, mukwai, ni umande mnene." Hakuna aliyecheka.

Sikwenda shule. Baba aliniambia nimfuate shambani. Tulisimama mbele ya rundo letu. Majani ya juu yalikuwa yameloa na kushikamana. Baba alizamisha mkono ndani mpaka begani, akauacha humo, kama anayempapasa mtu usingizini.

"Chini pamekauka," akasema. Hakuutoa mkono. "Jana ulisema hujui."

"Ndiyo, baba."

"Kuhusu Elizabeti."

"Sijui, baba. Ningejua ningekwambia."

"Mjomba wako anajua. Anajua mpaka mwezi." Akautoa mkono, akaondoa gome lililonasa kwenye shati. "Nilimpenda kwa sababu anajua. Usiku silali, Leah, halafu anakuja mtu anajua." Akalitupa gome. "Wewe hukunidanganya mbele ya kanisa zima, na ingekuwa rahisi kunidanganya."

Nikamwambia lililokuwa moyoni. "Mwaka jana alikanyaga majivu kabla hayajapoa."

"Mama yako alimfokea."

"Alisema ni laini kama unga."

Baba akageuka akatazama pembeni. Mabega yake yalitikisika. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya mazishi. Nilisimama tu. Baadaye akajifuta uso kwa kofia, akatazama juu, akalowesha kidole akakiinua kupima upepo.

"Jua likiwaka leo na kesho asubuhi, juu patakauka," akasema kwa sauti yake ya siku zote. "Waambie watu kesho alasiri."

Nilikimbia. Mimi, Leah, nilipita mlango kwa mlango nikipiga kelele.

15 Novemba
Jua liliwaka. Asubuhi tulipindua matawi ya juu, mama, mimi na, sikuamini macho yangu, mjomba. Alivua koti la kuhubiria. Alisema tu, "Siwezi kukaa nimeketi dada yangu akibeba, mukwai." Baba alimpa nafasi kando yake.

Alasiri upepo ulitulia. Watu walikuja kusimama mbali kidogo, kila mmoja na kijinga chake cha moto mkononi. Baba aliomba. Hakuomba moto wa mwisho wala hakuukana. Alisema, "Bwana, sisi ni wakulima, nawe ni mkulima. Tufundishe kungoja tukiwa na majembe mikononi." Kisha akachukua kijinga cha moto. Badala ya kuinama, akageuka.

"Shika."

Nilidhani anataka nimshikie. Nikashika. Hakukichukua tena.

"Baba, mimi ni…"

"Najua wewe ni nani. Wewe ndiye uliyeyabeba matawi. Washa upande wa chini, kule pakavu."

Mwanamke hajawahi kuwasha. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mzee Mbonile akafoka, "Washa, mwanangu, kabla hajaingia mwingine na ufunuo!" Nikainama nikawasha.

Ulishika kwa shida kwanza, moshi mzito mweupe kwa sababu ya ule unyevu. Kisha ndani pakaitika. Ukanguruma ukapanda juu kuliko miti, nikarudi nyuma nikikinga uso. Na upande wa Mzee Mbonile moshi ukapanda, na upande wa juu, na kule bondeni, mpaka nikashindwa kuona mwisho wake. Nilitazama moshi huo wote nikajua umetoka mkononi mwangu.

Upande mmoja wa rundo letu haukuungua vizuri. Rundo la mjane wa bondeni nusu lilibaki magogo meusi, kwa kuwa halikuwa limepangwa juu kama letu. Ni gharama ya kungoja. Baba amesema tutampa sehemu ya majivu yetu apande, na ni haki.

16 Novemba
Majivu. Nilivua viatu, nikaingia. Bado yalikuwa ya moto chini. Mama aliniona na hakunifokea.

19 Novemba
Mvua ya kweli. Mjomba alisimama mlangoni akiitazama siku nzima.

20 Novemba, Jumapili
Mjomba ameondoka. Amefunga mzigo kwenye baiskeli, akasema atakwenda kusoma Petro tena, safari hii mpaka mwisho. Sijui kama ni utani. Akaniambia, "Nguzo ya simu, ulezi ukiiva mniite nije kunywa togwa, mukwai." Nimelia. Yeye ndiye aliyeniita mbele.

2 Desemba
Tumepanda. Mgongo.

9 Desemba
Mwalimu amesoma haya yote niliyoandika. Hakusahihisha chochote katika habari ya tarehe kumi na tatu isipokuwa nukta moja. Chini yake ameandika "Basi." Sasa nimelielewa neno lake, nami sijakasirika.

17 Desemba
Ulezi umeota. Kwa mbali shamba ni jeusi bado. Ukiinama ni kijani.

23 Desemba
Nimekwenda Tunduma na baba kununua chumvi na kitambaa cha mama cha Krismasi. Mwenye duka alimsalimu, akauliza habari za kijiji, akasema amesikia mwaka huu moto wetu ulichelewa. Baba akasema ndiyo, ulichelewa, yeye ndiye aliyeuchelewesha. Hakuficha.

"Na mwanao yuko Saza bado?" mwenye duka akauliza. "Basi nani atakayewasha ukizeeka, Mzee Nikodemo?"

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika mfuko wa chumvi, natazama sakafu kama kawaida yangu. Baba akanishika mkono akanivuta mbele, mpaka nikawa nimesimama kwenye mwanga wa mlango.

"Huyu," akasema. "Ameshaanza."